Wanapumzika Kuanzia Kidahwe, Mimi Peke Yangu Nabaki Macho

Mama Edina mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeketi uani kwangu hapa Kasingirima, gari liko mbele yangu boneti wazi, na nakuomba unishike mkono maana jambo hili sijamwambia mtu ila mume wangu, hata padre sijamwambia, na Jumamosi inakuja na watu watataka kupanda.

Mimi ni mama wa makamo, shule yangu iliishia la saba, Mkatoliki wa kusali kweli. Mume wangu, Baba Leonardi, ana boti inayobeba watu na mizigo kati ya hapa na Ilagala, na Mungu alipotujalia tukapata gari la familia, Noah, tuliona si vizuri baraka ile tuile peke yetu, kwa hiyo tangu Warundi walipoanza kumiminika tena mwaka ule wa 2015, wengine kwa ziwa na wengine kwa miguu na watoto mgongoni, kikundi chetu cha Karismatiki kikaamua kuwa kila mwezi tunakwenda kambini Nyarugusu kusali nao na kuwapelekea sabuni na nguo, na gari la safari likawa letu.

Sasa nikueleze habari ya pumziko. Tukitoka mjini tunaimba, makofi, vigelegele, vioo vyote vimeshushwa, upepo unatupiga, lakini tukifika Kidahwe lami inaisha na lile vumbi jekundu unalijua linaanza, basi tunapandisha vioo, na hapo ndipo jambo linapokuja. Wale wa kiti cha nyuma kabisa wananyamaza kwanza, halafu wa kiti cha kati, vichwa vinakuwa vizito, machozi yanawatoka, wengine wanatabasamu macho yamefumba, na wanalala usingizi ambao hata gari likiingia kwenye korongo hawashtuki. Tukifika wanashuka miguu kama maji, kichwa kinauma, mwingine anatapika pembeni, na kiongozi wetu, Mama Regina, mwanamke wa sala ambaye nampenda kama dada yangu, alituambia hilo ni pumziko la Roho, na kichwa kinauma kwa sababu neema ni mzigo na mwili ni udongo. Mama Edina, siku za kwanza nilikuwa nageuka nyuma kuwaangalia nywele zinanisimama, nikavua viatu ndani ya gari nikasema hapa ni mahali patakatifu. Habari zikaenea. Watu wakaanza kugombea viti vya nyuma. Tukifika Kidahwe watu wanafanya ishara ya msalaba kabla ya kufunga vioo.

Ila mimi sijawahi kupumzika hata mara moja. Mimi nakaa mbele, mume wangu anaendesha kiwiko kiko nje, mtu wa boti haogopi vumbi, na kioo cha upande wangu hakipandi mpaka juu tangu tulinunue, nachomeka khanga lakini upepo unanipiga sikioni njia nzima. Basi nabaki macho kodo. Mama Regina akaniambia mbele za watu, "Mama Leonardi, hebu chunguza moyo wako. Mgeni haingii nyumba yenye komeo." Wakacheka, mmoja akasema, "Labda anahesabu matuta ya Baba Leonardi!" nami nikacheka nao, lakini nyumbani nililia, nikamuuliza Mungu kwa nini gari ni langu, chakula cha njiani napika mimi, na neema inanipita kama basi lililojaa.

Katika wanaopanda yupo Consolate. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili wakabaki huku wakawa watu wa huku, mama yake, Bibi Ntirampeba, yuko Kasulu mpaka leo, na hawa waliokuja juzi kambini wamo binamu zake. Consolate amekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto na sasa ana mimba kubwa, na desturi yao kama yetu Waha, uzazi wa kwanza mtu anakwenda kwa mama yake, kwa hiyo ameomba Jumamosi hii gari letu limpeleke Kasulu akakae mpaka ajifungue. Mume wake alitaka apande basi, akakataa. Na sababu aliyonipa ndiyo inayonikosesha raha. Alinishika mkono akauweka tumboni, akasema, "Mama, huyu ni mtundu, anacheza kutwa nzima. Lakini nikiingia kwenye gari lako tukapita Kidahwe, mama wee, anatulia tuli. Hachezi tena mpaka kesho yake. Imana ishimwe, Mungu asifiwe, hata yeye anapumzika."

Nilifurahi siku ile. Leo neno lile linanitisha.

Sasa ngoja nikwambie ya taa, maana yalianza kabla ya hayo yote. Kwenye dashibodi iliwaka taa ya njano yenye umbo la injini. Gari lilikuwa linatembea tu, halizimi, halipigi kelele. Mume wangu akasema hiyo ni taa ya Wajapani, wana woga sana. Mimi ilikuwa inanisumbua macho, nikachukua picha ndogo ya Bikira Maria, ile ya kubandika, nikaiweka juu yake nikamwomba Mama atutunzie gari. Sikufanya kwa mzaha. Baadaye gari likakosa nguvu kwenye milima, mtu wa kuchomelea vyuma akamwambia mume wangu kwamba masega yameziba, ile kitu iliyo kwenye bomba la ekzosi yenye matundu matundu kama sega la nyuki, akayakata akayatoa, akaunganisha bomba, akasema sasa gari litapumua. Na kweli likapata nguvu, tukamshukuru.

Juzi likaanza kula mafuta kama lina njaa, nikalipeleka mwenyewe Ujiji kwa fundi Hamdani, kijana mcheshi ana mashine ya kupimia magari. Akaona picha, akasema, "Shikamoo Mama. Huyu bibi mtakatifu mmemweka atazame nini hapa?" Nikamwambia marahaba, anafunika taa. Akacheka mpaka akashika mlango. Halafu akachomeka mashine yake, akaingia chini ya gari, akatoka na kitu ameshika kwa tambara, kirefu kama kidole gumba, kina waya mkiani, na kichwa chake cheusi tii kama sufuria la kuni.

"Mama, hii inaitwa sensa ya oksijeni. Hii ndiyo pua ya gari."

Nikamwambia asinitanie. Akasema hatanii. Akanieleza kwamba hiki kidude kinakaa ndani ya bomba la moshi, motoni, na kikiwa cha baridi hakijui kitu, lazima kwanza kiungue ndipo kinuse, na kinapima hewa iliyobaki kwenye moshi kinailinganisha na hewa ya nje, kisha kinapeleka habari kwenye kompyuta ya gari kwamba mafuta yamezidi, punguza, mafuta yamepungua, ongeza, kila kupepesa jicho, safari nzima, mvua au jua. Na ziko mbili. Moja inakaa kabla ya masega, nyingine baada, maana masega kazi yake ni kusafisha ile sumu ya moshi. "Ya kwanza ni kama mwali anayepika, anaonja mchuzi jikoni," akasema. "Ya pili ni mama mkwe, anaonja mezani aone kama kweli umeiva."

Mama Edina, nilikiweka kile kidude kiganjani nikakitazama muda mrefu. Nilifikiri juu ya kitu kisicho na roho kinachokaa ndani ya moto bila kulalamika kikipima pumzi, nikasema ee Mungu wangu, umempa mwanadamu akili ya namna gani mpaka achonge chuma kiwe shahidi. Mwili ulinisisimka kuliko siku yoyote ndani ya gari lile. Hamdani akaniuliza, "Mama, mbona ya kwenu imepakwa masizi hivi? Mnatia mafuta gani?" Nikamwambia ukweli, mume wangu petroli inayobaki kwenye boti anaileta nyumbani anaitia kwenye gari, hataki kitu kipotee. Akajipiga paji la uso. Mashine ya boti petroli yake inachanganywa na oili, ndivyo inavyotaka, lakini hii ya gari oili ile inaifunga pua. Kwa hiyo mwali wetu amekuwa hana ulimi, anamwaga tu mafuta. Halafu akauliza, "Na masega mmepeleka wapi? Na hili bomba nani kalichomelea? Mbona linavuja hapa chini ya kiti cha nyuma, moshi umechora mpaka kwenye mpira wa mlango?"

Niliona kiti cha nyuma kwa macho ya moyo. Niliona nani ananyamaza kwanza. Nikakumbuka mwezi wa masika tulikwenda mvua imenyesha, hakuna vumbi, vioo tuliviacha wazi mpaka Kasulu, na siku ile hakuna aliyepumzika hata mmoja, Mama Regina akatuambia kuna mwenye dhambi kati yetu, na wote wakanitazama mimi.

Hamdani yeye haya ya pumziko hayajui, sikumwambia. Anasema anaweza kunitengenezea kwa njia rahisi, ile sensa ya pili anaivalisha kipande cha chuma, anaitoa kidogo mbali na moshi, inadanganyika, inadhani masega yapo, taa inazima, na mambo yanaendelea.

Sasa nifanyeje? Nikisema, Mama Regina ataaibika, na wale mama waliolia machozi wakaona mwanga nitawaambia nini, kwamba ulikuwa moshi? Mimi nani wa kujua Mungu anapita wapi? Na watasema ni wivu, maana ni mimi peke yangu sijapumzika, na nikijichunguza usiku na mchana sina hakika kama wivu haumo. Nikinyamaza, Consolate anapanda Jumamosi. Mume wangu anasema tufungue vioo tu tusiwasumbue watu na maneno. Niambie kwa ukali ukitaka. Majina badilisha.

Ni mimi, Mama Leonardi.

MAMA EDINA ANAJIBU

Mama Leonardi, Jumamosi gari hilo haliendi popote. Hilo la kwanza, na la pili halitaanza mpaka hili limeingia.

Barua yako sikuiweka kwenye foleni. Namba uliyoandika chini niliipiga saa ile ile, tukazungumza, ukalia, nami nilikufokea, samahani kwa kufoka lakini si kwa niliyosema. Siku ile ile ulimpeleka Consolate hospitali, kwa gari la mtu mwingine, na daktari amesikiliza moyo wa mtoto na unapiga. Mshukuru Mungu. Majina nimebadilisha. Haya mengine nayachapisha kwa sababu gari la namna yako si moja hapa mkoani.

Nimemuuliza daktari, na nimemuuliza fundi, sijatunga kitu. Ule moshi una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ni ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Hao nao asubuhi hukutwa wametulia, wengine wanatabasamu. Kichwa kizito, kutapika, miguu kulegea, usingizi usioamshika: hizo si neema nzito, huyo ni mtu anayekosa hewa kwenye damu yake. Na mtoto wa tumboni huumia kabla ya mama yake. Mtoto mtundu akitulia tuli mpaka kesho yake, mama hamshukuru Mungu, mama anakimbia hospitali. Kila mjamzito anayesoma hapa alishike hilo.

Sasa nikukalipie kidogo. Wewe na Baba Leonardi mlipewa gari lenye pua, mkaipaka masizi kwa ubahili wa petroli ya boti. Likawasha taa kuwaambia, mkaifunika. Mkalikata mapafu kwa ushauri wa mtu ambaye kazi yake ni mageti na madirisha. Mlikuwa na nia njema tangu mwanzo hadi mwisho, na watu wangekufa. Picha ya Mama Bikira itoe hapo uibandike mahali pa heshima. Hukumweka pale akuombee, ulimweka akuzibie. Iache ile taa iseme.

Kuhusu matengenezo, sikiliza vizuri maana hapa sina mchezo. Bomba lile likatwe lote bovu liwekwe zima, lifungwe lisivuje hata kidogo, na mpira wa mlango wa nyuma ubadilishwe. Masega yarudi. Yana bei, ndiyo, na kikundi kizima kilichopanda bure kinaweza kuchangia kikiambiwa ukweli. Sensa ya kwanza inunuliwe nyingine, usikubali mtu aisugue kwa msasa akakurudishia, na anapofunga bomba asijaze gundi ya silikoni karibu nayo, maana mvuke wake unaiua kama oili ilivyoiua hiyo. Plagi zitazamwe, waya zitazamwe zisiguse bomba la moto. Mafuta ya boti yabaki ya boti. Dumu lake lipakwe rangi nyekundu likae ufukweni, lisivuke geti lako. Na taa ikiwaka tena, hata gari likitembea vizuri kama mwali, linapelekwa kupimwa wiki ile ile. Hizo sensa hazidumu milele, zinachoka kama macho yetu, na fundi akupimie kila unapobadilisha oili.

Na kijana wako Hamdani mwambie hivi: amekueleza vizuri nami nimejifunza, lakini ile dawa yake ya kumdanganya mama mkwe aiweke kapuni. Mezani pale patakaa watu.

Mumeo anasema vioo vifunguliwe yaishe. Hapana. Siku ile ya mvua mlibahatika, lakini moshi unaingia hata vioo vikiwa wazi, mlango wa nyuma huuvuta ndani gari likikimbia. Ninyi wawili mmepona kwa kiwiko na kioo kibovu.

Sasa nakuja kwenye lile ulilolia nalo. Unaogopa kuwa una wivu. Inawezekana unao, dada yangu. Nani asingekuwa nao, umekaa mbele ya karamu unapika wewe na huli wewe. Lakini mwenye wivu angekaa kimya awaache walale. Wewe umeandika. Umenyimwa usingizi ule, ukadhani Mungu amekuruka, kumbe ndani ya gari zima alihitaji mtu mmoja mwenye macho.

Usiwatangazie kanisani. Nenda kwa Regina leo, nyumbani kwake, mkae jikoni, mwite dada kama unavyomwita. Usimwambie "ulikosea." Mwambie, "Gari langu lilikuwa linatuua na mimi nilifunika taa." Anza na lako. Mwonyeshe ile sensa nyeusi aishike mwenyewe mkononi, kama ulivyoishika. Kisha mwombe yeye ndiye awaambie wenzenu. Ni kiongozi wao, mwache aongoze na hili. Akikasirika, mwache akasirike akiwa hai. Akisema tena habari ya komeo, mkumbushe siku ile ya mvua, halafu unyamaze.

Na wale waliolia machozi njiani kwenda kuwaona wakimbizi, machozi yale usiwanyang'anye. Walikuwa wanakwenda kuwapa watu sabuni na kushika mikono ya watu waliopoteza kila kitu. Hilo halikuwa moshi. Wala msiache kwenda. Kule kambini wanawangoja ninyi, hawangojei usingizi wenu.

Consolate aende kwa mama yake kwa basi, akae dirishani, vumbi la Kidahwe halijaua mtu. Wewe msindikize. Gari likishatengenezwa, likapimwa kwa mashine ndani na nje, na taa imezima yenyewe bila kufunikwa wala kudanganywa, ndipo mkamchukue yeye na mtoto wake huko Kasulu. Kaa naye kiti cha nyuma. Mtoto akilia kutoka Kasulu mpaka Kidahwe, akarusha mateke, akawanyima usingizi gari zima, hapo imbeni.